Neno Hujulikana kwa Mwenendo Wake

Shuleni tunafundishwa kwamba nomino hutaja mtu, mahali au kitu, na kitenzi hutaja tendo. Basi "ugomvi" tuuweke wapi? Ni tendo, tena lenye kelele, lakini hakuna asemaye "aliugomvi jana". Kwa upande mwingine, katika "Watoto hawa wanafanana" hakuna anayetenda lolote, na bado "wanafanana" ni kitenzi kisicho na shaka: kina kiambishi cha nafsi na cha wakati, na kinanyumbuka kuwa "fananisha" na "fananishwa".

Ndiyo maana wanaisimu hawaegemei maana peke yake. Hutazama umbo la neno, kisha nafasi yake katika sentensi. Sarufi ya Kigiriki inayohusishwa na Dionysius Thrax ilitaja aina 8 za maneno, wala kivumishi hakikupewa fungu lake. Kilihesabiwa ndani ya nomino, kwa kuwa vyote viwili vilibadilika miishio kwa namna moja.

Katika Kiswahili umbo lina nguvu kubwa, ila nalo halimalizi kazi. Tunasema "mtoto mzuri" na "kitabu kizuri", lakini "safi", "bora" na "hodari" havipokei kiambishi chochote. Tunavitambua kuwa vivumishi kwa sababu hukaa pale pale "-zuri" inapokaa, na kuieleza nomino ile ile.

Penye utamu zaidi ni hapa: "Kule kutovisoma vitabu hivyo kumemponza." Neno "kutovisoma" ni nini? Limetanguliwa na "kule" na limeleta upatanisho wa "ku-" katika "kumemponza", kama nomino yoyote inavyofanya. Papo hapo lina "-to-" ya ukanushi na "-vi-" ya mtendwa, mambo ambayo nomino ya kawaida haiyajui kabisa. Kwa nje ni nomino, kwa ndani ni kitenzi. Kulilazimisha upande mmoja, nionavyo mimi, ni kuficha nusu ya ukweli wake.

"Huyu" nalo ni kivumishi katika "mtoto huyu" na kiwakilishi katika "Huyu amechelewa". Kwa hiyo swali la mtihani linalomtaka mwanafunzi ataje aina ya neno "huyu" likiwa peke yake halina jibu moja. Watunga mitihani, wekeni sentensi kwanza.