Kindu: Mugongo ukiuma, kitanda hakiponyeshe

Kila asubuhi, mitumbwi yenye kutoka Alunguli inafika kwenye ngambo ya kushoto ya muto Lualaba, na kazi ya kubeba inaanza. Magunia ya muchele, mabidon ya mafuta ya mawese, mikungu ya ndizi, makaa: yote yanatoka ndani ya mutumbwi juu ya vichwa na mabega, yanapanda ukingo, kisha yanaenda sokoni juu ya kinga, juu ya pikipiki, ao juu ya mugongo wa mwanamuke mwenye kufunga kamba kwenye paji la uso.

Siku mugongo huo unakataa, chungu cha jioni kinabaki bila kitu. Mubeba mizigo anakula kile alichopata siku ile ile, na hakuna anayemulipa akiwa mugonjwa. Hata hivyo, jambo la kwanza ambalo wengi wanamushauria ni kulala. Wiki moja, wiki mbili, wakati mwingine mwezi. Jamaa inamukanda na maji ya moto, muzee mumoja anamuchanja kwa wembe kwenye kiuno, farmasi ya jirani inamupiga sindano, na mwishowe ananunua mukaba wa kufunga tumbo. Kuna pia mizizi michungu ambayo wachuuzi wanaita "dawa ya mugongo", lakini wanaume wengi wenye kuinunua wanajua vizuri kwamba hawaitafute juu ya kiuno chenye kuuma.

Shida hii haiko ya Kindu peke yake. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linahesabu kwamba watu milioni 619 waliumwa na sehemu ya chini ya mugongo katika mwaka wa 2020, na kwamba watafikia milioni 843 mwaka wa 2050. Hakuna ugonjwa mwingine wenye kuzuia watu wengi hivyo wasifanye kazi zao za kila siku. Mwezi wa 12 mwaka wa 2023, shirika hilo lilitoa kwa mara ya kwanza maagizo juu ya maumivu ya mugongo yenye kudumu. Linakubali mazoezi, mafundisho kwa mugonjwa, kukandwa na kunyooshwa na mutu mwenye kujua kazi hiyo, na dawa za jamii ya ibuprofen. Linakataa mikaba ya kiuno, kuvutwa kwa uzito, na dawa kali za jamii ya afyuni, kama vile tramadol.

Ili kuelewa sababu, inafaa kuangalia antena ya redio. Chuma chake ni chembamba na kirefu. Kinasimama kwa sababu kamba zinakivuta kutoka kila upande. Uti wa mugongo uko vilevile. Mwaka wa 1992, watafiti wa Marekani walichukua sehemu ya chini ya uti wa mugongo wa watu waliokufa, wakatoa misuli yote, kisha wakaiwekea uzito juu. Ilipinda na kuanguka chini ya uzito wa karibu kilo 9. Hiyo ni chini ya nusu ya bidon ya lita 20. Ikiwa mubeba mizigo anaweza kupanda ukingo wa Lualaba na gunia nzima, ni misuli inayomushikilia, haiko mifupa.

Na misuli inapungua mutu akilala bila kutikisika. Mutu anayeamuka kitandani kisha wiki tatu anarudia gunia lile lile na kamba zilizolegea.

Kuna jambo lingine ambalo wagonjwa wengi hawaambiwe. Katika mwaka wa 1996, watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walipima misuli ya ndani ya tumbo, ile yenye kuzunguka kiuno kama mukaba. Kwa mutu muzima, musuli huo unakaza mbele hata ya mukono kuinuka. Kwa mutu mwenye mugongo wa kuuma, unachelewa. Watafiti wa chuo kile kile waliona pia kwamba musuli mudogo wenye kushikilia pingili za mugongo unapungua upande wenye kuuma, na kwamba haurudi wenyewe, hata kama maumivu yamekwisha. Pengine hiyo ndiyo sababu moja ya mugongo kupona mwezi wa tatu na kuanguka tena mwezi wa tano.

Hapo ndipo kazi ya kinesiterapi, ambayo watu wanaiita tu kine, inaanza. Kwanza kine anauliza na kupima: maumivu yanatokea wakati gani, yanashuka muguu ao hapana, nguvu ya miguu iko namna gani. Kisha anafundisha. Mugonjwa analala chali juu ya mukeka, magoti yamekunjwa, anavuta polepole sehemu ya chini ya tumbo kwenda ndani bila kuzuia pumzi, anahesabu mupaka 10, anaachilia. Akiisha kuzoea, anainua kiuno kutoka kwenye mukeka. Halafu anasimama juu ya mikono na magoti kama mutoto mwenye kutambaa, ananyoosha mukono wa kuume pamoja na muguu wa kushoto, kisha anabadilisha. Mazoezi yanafanywa kila siku, kidogo kidogo, kwa wiki kazaa, na maumivu madogo wakati wa kuanza hayaonyeshe kwamba kitu fulani kinavunjika ndani.

Mazoezi hayo yalisifiwa sana wakati fulani, hata kupita kiasi. Watafiti walipoyalinganisha na mazoezi mengine ya kawaida, waliona kwamba yanasaidia, lakini hayapite mengine kwa wazi. Kwa muji usio na mashini nyingi za hospitali, hiyo ni habari nzuri kuliko inavyoonekana: zoezi ambalo mugonjwa atalifanya kweli nyumbani ndilo la kuchagua. Hata kutembea kunahesabiwa. Utafiti wa Australia wenye kutangazwa mwaka wa 2024 ulifuata watu 701 waliotoka kupona mugongo. Wale waliofundishwa kutembea kwa mupango walikaa katikati ya siku 208 mbele ya maumivu kurudi. Wengine, siku 112.

Kubaki pia muzigo wenyewe. Mwaka wa 1986, watafiti wenye kufanya kazi Kenya walionyesha kwamba wanamuke Waluo, wenye kubeba kichwani, na Wakikuyu, wenye kubeba na kamba ya paji la uso kama mama zetu, waliweza kubeba moja ya tano ya uzito wao bila kutumia nguvu zaidi. Kwa mwanamuke wa kilo 60, hiyo ni kilo 12. Bidon ya lita 20 imekwisha kupita hapo. Mwenye mugongo wa kuuma afazali abebe mabidon mawili ya lita 10, moja kila mukono, na wakati wa kuinua akunje magoti na kuleta muzigo karibu na tumbo.

Kuhusu sindano za diklofenak: zinatuliza kwa siku chache, lakini kuzitumia miezi kunaweza kutoboa tumbo na kuharibu figo, na sindano yenye kupigwa vibaya kwenye tako inaweza kugusa mushipa wa fahamu na kulemaza muguu.

Lakini kuna migongo ambayo haingoje mazoezi. Mutu aliyeanguka kutoka juu ya mungazi, anayeshindwa kuzuia mukojo ao choo, asiyesikia kitu katikati ya mapaja, ao ambaye miguu yake inalegea, apelekwe hospitalini siku ile ile. Homa, jasho la usiku na kukonda pamoja na maumivu ya mugongo vinaweza kuonyesha kifua kikuu cha mifupa. Kongo iko kati ya nchi 30 ambazo OMS inahesabu kuwa na muzigo mukubwa wa ugonjwa huo. Mutoto ambaye mugongo wake unaanza kutoa nundu asichanjwe wala kukandwa. Apimwe haraka, mbele miguu yake haijapoteza nguvu. Dawa za kifua kikuu zinatolewa bila malipo.