Kiti cha Vipande Sita

Kiti twakiketia kila siku, wala hatukumbuki kwamba kuna mtu aliyeumiza kichwa kwa ajili yake. Leo twapenda kueleza habari za kiti kimoja kilichozaliwa katika kasoro.

Michael Thonet, seremala, alizaliwa Boppard, Ujerumani, mwaka 1796. Hapo kwanza aliunda viti vya mbao nyembamba zilizopindwa na kubandikwa pamoja kwa sherisi, yaani gundi ya seremala. Vilipendeza macho, lakini vilipopelekwa ng'ambo, katika nchi za joto na unyevu, gundi ililegea na mbao zikaachana. Mnunuzi alitoa fedha, akabaki na vipande.

Basi Thonet akaazimia kupinda ufito mzima, usio na gundi. Hapo palikuwa na shida. Mti ukipindwa, upande wa ndani hubanwa na upande wa nje huvutwa. Mti uliolainishwa kwa mvuke hukubali kubanwa, bali ukivutwa hupasuka. Dawa yake ilikuwa hii: alifunga ukanda wa chuma upande wa nje, akaukaza ncha zote mbili, ndipo ufito ukapindwa katika kalibu. Ukanda ulizuia upande wa nje usirefuke, na mti ukawa hauna budi kubanwa tu. Kisha uliachwa kalibuni hata ukakauka.

Kwa njia hiyo, mwaka 1859, kilitoka kiti nambari 14: vipande 6 vya mti, skurubu 10 na nati 2. Ufito mmoja mrefu ulikuwa miguu ya nyuma na egemeo pia. Pa kukalia palisukwa kwa henzirani. Viti 36 vilivyofunguliwa viliingia katika sanduku la meta moja kila upande, vikaungwa huko vilikofika. Gharama ya safari ikapungua, na mikahawa na watu wasio matajiri wakavipata. Haki ya Thonet ilipokoma mwaka 1869, viwanda vingine vikaiga njia ile.

Nasi tukiketi, na tuhesabu vipande vya kiti chetu, tukiuliza kila kimoja kina kazi gani. Na pale kinapovunjika kila mara, tusimlaumu aketiye tu. Huenda hapo ndipo pa kubuni upya.