Ukoo wa Mkonge na Reli

Baba yangu alikuja Kilosa kama manamba, akitokea Njombe. Mgeni siku mbili, wanasema. Yeye alishikishwa kisu cha mkonge kesho yake, Kimamba. Mkoa mzima wa Morogoro hakuwa na shangazi wala binamu. Alipofariki, kaburi lake lilichimbwa na Wasagara, Waha na Wamakonde aliosali nao, na mzee mmoja Mkaguru aliyezoea kumwita kaka ndiye aliyeongoza kikao cha madeni. Mzee huyo kwangu ni baba mdogo. Binti zangu walipoolewa, wanawe walipokea fungu lao la mahari, na hakuna aliyehoji.

Wilaya hii imejaa watu wa kuja. Reli ya Kati ilipita Kilosa enzi za Wajerumani, mashamba ya mkonge yakavuta vibarua, na katika miaka ya 1960 tawi la reli likashuka kupitia Mikumi hadi Kidatu. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walipoweka mkazo kwenye jumuiya ndogondogo mwaka 1976, na Sinodi ya Afrika ya 1994 ilipolieleza Kanisa kuwa familia ya Mungu, wazee wetu wa kambi za mkonge walikuwa wanaishi hivyo zamani.

Wahubiri hupenda Marko sura ya 3, pale Yesu anapowaita waliomzunguka mama na ndugu zake. Mimi hunigusa zaidi Yohana 19. Anakufa, na bado anamkabidhi mama yake kwa mwanafunzi, naye anamchukua nyumbani kwake. Hapo pana chakula, kitanda na maradhi ya uzeeni kwa miaka.

Kwenye jumuiya yetu Mikumi mimi ni katibu, nashika daftari la michango. Barabara kuu ya kwenda Zambia inakata mbuga, na ajali hazikosekani. Dereva akilazwa Hospitali ya Mtakatifu Kizito bila mwenyeji, kina mama hupangiana zamu ya uji. Dini yake haiandikwi daftarini. Mto Mkondoa ulipofurika mwishoni mwa 2009 na Januari 2010, maelfu wakahamia kwenye mahema Kilosa mjini, tulichanga unga na mablanketi vivyo hivyo.

Lakini tusijisifu. Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni, watu zaidi ya 30 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji, na chuki ile haijaisha. Nawajua Wakristo wanaokesha kwenye msiba wa mtu wasiyemjua, ila Mmasai akiomba maji ya kisima wanasema kamba imekatika. Kumpenda dereva anayeondoka kesho ni rahisi. Mwenye ng'ombe atarudi kila kiangazi.

Basi jumuiya za Kilosa zianzie hapo. Kabla mahindi hayajakomaa, mwiteni mfugaji jirani, mketi naye jamvini, mumwonyeshe mipaka ya mashamba na njia ya kwenda mtoni. Na akifiwa, jina lake liingie daftarini kama la mtu mwingine yeyote.