Je, Wajua? Kompyuta Hurekodi Hata Usichokusudia

Katika programu ya uhuishaji ya Blender, kitufe kimoja cha duara kikiwashwa, kompyuta hujiwekea fremu kuu, yaani alama inayohifadhi pozi katika wakati fulani, kila unapomsogeza au kumzungusha mhusika. Ukimsukuma kando ili tu uone kilicho nyuma yake, hilo nalo huwa tendo: filamu ikichezwa, anateleza kwenda mahali ambapo hukupanga aende. Programu ya After Effects nayo ni hivyohivyo. Alama ya saa ikishawashwa kwenye sifa fulani, kila badiliko la sifa hiyo huacha fremu kuu. Ndiyo maana naona mapozi makuu yawekwe kwa mkono, ambapo Blender hutumia herufi I, kwa sababu kila fremu kuu ni uamuzi.

Wapo watakaopinga kwamba mkono husahau, na ni kweli. Usipobonyeza I kisha ukahamia fremu nyingine, pozi jipya la mhusika aliyekwisha kuhuishwa hupotea papo hapo. Lakini hasara hiyo unaiona mara moja. Fremu ya ziada hujificha katikati ya mamia ya nyingine. Basi kitufe kingoje hatua ya kusawazisha, mapozi yakiwa yamekwisha kuthibitishwa.

Mgawanyo huu wa kazi, mtu kuamua mapozi makuu na kompyuta kufanya yaliyobaki, una umri mrefu. Katika La Faim, filamu fupi ya Peter Foldès iliyotengenezwa Kanada na kuteuliwa kuwania Oscar, msanii alichora picha kuu, kompyuta ikajaza za kati. Hiyo ilikuwa 1974.