Kufundisha Mistari ya Kontua kwa Mfano wa Mlima Meru

Wanafunzi wengi wa shule za msingi hukariri maana ya kontua: mstari uunganishao mahali penye kimo kilicho sawa kutoka usawa wa bahari. Hata hivyo, wapewapo ramani huona nyuzi zilizotatizana tu. Mwalimu hana budi kuwaonyesha kwamba mistari ile ndiyo mlima wenyewe.

Tuchukue Mlima Meru, wenye kimo cha mita 4,566. Mtoto wa Arusha huutazama kila asubuhi, naye hudhani kuwa ni pia kamili. Sivyo. Miaka ipatayo 8,000 iliyopita ubavu wake wa mashariki uliporomoka, na kifusi kikaenea hadi Momella. Ndani ya pengo hilo mna kuta za mwamba zenye kimo cha karibu mita 1,500, na kilima cha majivu chenye kilele cha mita 3,667.

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walichora ramani za nchi hii kwa kipimio cha 1:300,000, yaani sentimita moja kwa kilomita tatu. Baada ya mwaka 1946 wapimaji wa Kiingereza walitumia picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege, zikapatikana ramani za 1:50,000. Katika hizo sentimita moja ni mita 500 tu, na mabonde huonekana wazi.

Somo liendeshwe hivi:

1. Wanafunzi wafinyange mlima wa udongo mzito ndani ya beseni.
2. Wamimine maji hadi kimo cha sentimita mbili, wachore kwa kijiti alama ya ukingo wa maji kuuzunguka mlima, kisha waongeze sentimita mbili nyingine, hadi karibu na kilele.
3. Wamwage maji, wautazame mlima kutoka juu, na kuchora waonacho. Watapata duara ndani ya duara.
4. Wakate ubavu wa mashariki, wabandike kilima kidogo ndani ya pengo, na kurudia kazi yote.

Sasa mistari ya juu haitazunguka kilele. Itajikunja kama kwato, na penye ukuta itasongamana. Kilima kidogo kitapata duara lake.

Hapo ndipo mwalimu awape ramani halisi na kuuliza: “Aliyeko Momella huuona mlima huu una umbo gani?” Atakayejibu sawasawa, hali hajafika huko, huyo amejua kusoma ramani.