Juma la Kwanza Ugenini

Mgeni asiyejua lugha yetu twamcheka upesi. Tumkumbuke Adoniram Judson, kijana Mmarekani wa miaka 24, aliyefika Rangoon katika nchi ya Burma, iitwayo sasa Myanmar, tarehe 13 Julai 1813. Safarini walikuwa wamempoteza mtoto wao, na mkewe Ann, kwa ugonjwa, alichukuliwa pwani juu ya kiti. Siku zile Judson hakuweza kuhubiri. Alikuwa mwanafunzi tu. Mwalimu wake hakujua Kiingereza. Basi alionyesha kitu kwa kidole, akaambiwa jina lake. Mtu wa kwanza alibatizwa mwaka 1819, na mwaka 1834 Judson alimaliza kuifasiri Biblia yote. Basi mgeni akikosea maneno, tusimcheke, bali tumfundishe.