Mila Zinazoota Ardhini

Mwanariadha akirejea Eldoret na medali, mapokezi yake hayakamiliki bila mursik na sinendet. Hupewa kibuyu cha mursik, maziwa yaliyochachushwa, anywe, kisha huvikwa shada la majani mabichi. Sinendet ni mmea unaotambaa juu ya miti, na Wakalenjin huutumia kumpamba mtu aliyeleta heshima nyumbani.

Mursik nayo huanzia kichakani. Mama hukata matawi ya senetwet, kichaka chenye maua ya njano, akayakausha na kuyachoma mpaka yawe makaa mekundu. Makaa hayo huyatia ndani ya sotet, kibuyu kilichooshwa kikakauka vizuri, kisha huyasaga na kuyasugua kwenye kuta za ndani kwa sosiot, ufito wa mkindu. Maziwa yaliyochemshwa na kupoa humiminwa humo, kibuyu kikafunikwa na kuwekwa penye ubaridi kwa siku kadhaa. Yakitoka yana rangi ya kijivu na harufu ya moshi wa senetwet. Kibuyu, mkaa na ufito vyote vimetoka ardhini. Mimea hiyo ikitoweka, yatabaki maziwa mala ya dukani, na mursik itabaki jina tu.

Ndiyo maana habari ya mimea vamizi, ambayo huisonga mimea kama hiyo, si ya wataalamu peke yao. Enzi za ukoloni miwati ililetwa, asili yake ikiwa Australia, kwa ajili ya magome yanayotumika kutengeneza ngozi. Kampuni ya EATEC ikawa na mashamba makubwa ya miwati karibu na Eldoret. Mbegu zake hukaa udongoni miaka mingi, na moto ukipita huota kwa wingi. Lantana ililetwa kama ua la bustani, nayo ikasambazwa na ndege wanaokula matunda yake. Zote mbili zimo katika orodha ya IUCN ya spishi vamizi 100 zilizo mbaya zaidi duniani.

Katika orodha hiyohiyo umo pia mti wenye maua mekundu unaoitwa Nandi flame, mwenyeji wa nchi yetu, ambao huko Fiji na Hawaii umevamia misitu ya watu. Basi mti wenyewe hauna hatia. Ukipelekwa mbali na wadudu na magonjwa yanayoupunguza kwao, huwazidi nguvu wenyeji.

Mikaratusi ina kisa chake. Mkulima huipenda kwa sababu hukua haraka na kumpa kuni, mbao na nguzo. Lakini ikipandwa kwenye chemchemi hufyonza maji. Kinamasi cha Kingwal, katika kaunti jirani ya Nandi, ni makao ya nzohe, swala wa majini. Mikaratusi iliyopandwa humo ni mojawapo ya vitisho vyake. Katika vinamasi kama hicho ndimo korongo mwenye taji hujenga kiota. Ndege huyo, kong'ony kwa Kinandi, ni alama ya ukoo wa Wanandi unaoitwa Moi, na mwiko humlinda asiuawe. Lakini mwiko wa kutomuua haumsaidii iwapo kinamasi chake kimekauka. Desturi iliyomlinda ndege sasa haina budi kulinda pia maji yake.

Juhudi zipo. Mwaka 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliagiza mikaratusi iondolewe kwenye vyanzo vya maji. Sheria ya Misitu ya 2005 ilivipa vyama vya misitu vya jamii nafasi ya kushiriki katika utunzaji wa misitu ya serikali. Katika msitu wa Kaptagat, mashariki ya Eldoret, wakazi hushiriki kupanda miti, na wakfu wa mwanariadha Eliud Kipchoge umechukua sehemu ya msitu huo ili kuirejesha.

Kung'oa ni kazi ya subira. Muwati mchanga hung'olewa na mizizi yake udongo ukiwa na unyevu. Mkaratusi ukikatwa huchipua tena kwenye kisiki, hivyo machipukizi sharti yaondolewe mara kwa mara mpaka kisiki kife. Na palipong'olewa pasipopandwa kitu, mvamizi hurudi. Tena sinendet haihifadhiwi peke yake, kwa kuwa inahitaji mti wa kupandia.

Wazee na akina mama wanaojua majina na kazi za mimea hii wapewe nafasi ya kwanza katika vitalu vyetu, kabla ya mtu yeyote kuamua ni miche gani ioteshwe. Nawe msomaji mwenye kipande cha ardhi kando ya mto Sosiani au chemchemi yoyote, mikaratusi ipeleke mbali na maji. Hapo mtoni panda miti ya kienyeji kama tebeswet na simotwet, na uwaonyeshe watoto senetwet iko wapi. Mila hulindwa kwa jembe pia.